Ukoga kwenye Kioo cha Mbele

Mwalimu wa kwaya hakupenda kuulizwa kwao ni wapi, kwa hiyo nami sitaanzia huko. Yatosha kusema kwamba alitoka upande wa ziwa, kwa watu wanaochanganya Kiswahili na Kifaransa bila kuomba radhi, na kwamba nilipomfahamu alikuwa mjane na mstaafu kama mimi, akikaa katika jengo letu hapa Norsborg, pembeni mwa Stockholm, mlango wa pili. Kwaya ya Jumapili, ile inayoazima ukumbi wa kanisa la Waswidi wao wakishamaliza, ilikuwa imekwisha kupata mwalimu mwingine. Hata hivyo hakuna aliyemwita mama huyu kwa jina. Yeye alibaki Mwalimu, na yule aliyekuja baada yake aliitwa yule kijana.

Mambo mengi ninayoyakumbuka juu yake yanazunguka kioo kimoja, kioo cha mbele cha tangi lake la samaki. Mwalimu alikuwa na presha ya macho. Aliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe lilikuwa likizidi kuwa jembamba. Binti yake, aliyezaliwa hapa na anayekaa Sundbyberg, alimwekea sharti: siku nitakayokuja nikute kioo cha mbele kimeota ukoga wa kijani, nitajua huoni tena, na hapo hutakaa peke yako. Mwalimu alikubali. Alikubali kwa kiburi cha mtu anayejua kazi yake.

Tulikutana kwenye chumba cha kufulia. Nilishuka na kapu la mashuka nikamkuta ameinama juu ya ndoo, anaminya sponji, na maji yanatoka rangi ya chai iliyokolea. Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa hasira, kwamba sinki ni la nguo tu. Alikuwa ameisoma, ndiyo maana akatumia ndoo.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Mapafu," akasema bila kugeuka. "Ya samaki zangu."

"Si uyasuuze kwa maji ya bomba, yatakate?"

Ndipo aliponitazama, toka viatu hadi kofia. "Weye, ukitaka kupumua vizuri, unatoa mapafu unaosha na sabuni?"

Ilikuwa sponji ya chujio. Alinieleza kwamba ndani yake mnakaa vidudu visivyoonekana, navyo ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki. Ukivisuuza kwa maji ya bomba, unafukuza wafanyakazi wote siku moja. Sponji huminywa ndani ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, kidogo tu, kisha hurudishwa. Nilisikiliza kwa makini kuliko alivyotarajia, kwa kuwa nami nilikuwa na tangi, na tangi langu lilikuwa aibu.

Nilikuwa nimelinunua nilipoacha kazi ya jikoni hospitalini. Nyumba ilikuwa kimya na televisheni ilinichosha. Nililiweka dirishani ili watu wa nje walione. Taa niliiwasha nikiamka na kuizima nikilala. Samaki niliwalisha asubuhi, mchana na jioni, maana sijalelewa kula huku wengine wakitazama. Baada ya muda maji yakawa kama mchuzi wa mlenda. Nikanunua dawa ya kuua ukoga. Maji yakatulia, kisha ukoga ukarudi na nywele ndefu, na samaki wawili wakafa. Nikaongeza dawa. Mimi ndivyo nilivyo: nikikosea, huongeza.

Mwalimu alipokuja kuliona alivuta kiti, akakaa mbele yake kama anayesikiliza mtu akijitetea.

"Nani amemwita huyu?"

"Nani?"

"Huyu wa kijani. Haji bila kuitwa. Weye umemuwashia taa siku nzima, umemupikia mara tatu, umemupa na dirisha la jua. Sasa unashangaa amehamia."

"Nimempa dawa aondoke."

"Mugeni umemukaribisha mwenyewe, halafu unamutilia sumu mu chakula." Akatikisa kichwa. "Mutanzania, weye ni mutu hatari."

Alinipa kazi, na hakuna hata moja iliyouzwa dukani. Nisogeze tangi mbali na dirisha. Nifunge kwenye waya wa taa saa ndogo ya kuwasha na kuzima, taa iwake saa nane kwa siku na isizidi. Nilishe mara moja, chembe ambazo samaki watamaliza kabla sijakaa chini. Kila wiki nitoe theluthi ya maji na kutia mengine. Majani ya maji nipande mengi, maana yanakula kile kile anachokula ukoga na kumwachia njaa. Kisha nisiguse.

"Nisiguse mpaka lini?"

"Mpaka uchoke kuuliza."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Maji yalianza kutakata majira ya baridi yalipokuwa yanakaribia kwisha. Nilipomwita aje aone, alisema hana haja, amesikia kwa sauti yangu.

Nikadhani basi nyumbani kwake nitakuta tangi linalong'aa kama duka la dhahabu. Nilipoingia mara ya kwanza nilidhani nimekosea mlango. Lilikuwa kubwa, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa mawe yaliyopandana mpaka juu, na mawe yote yalikuwa na manyoya ya kijani. Kioo cha nyuma kijani. Vioo vya pembeni kijani. Cha mbele peke yake kilikuwa safi, hata nilitaka kunyoosha mkono nihakikishe kipo. Na juu ya mawe walikuwa samaki weusi wenye mshipi wa njano, vichwa chini, wanachuna ukoga kwa midomo, hawapumziki.

"Hawa wanakula nini?" niliuliza.

"Unaona. Majani. Hawa ni ng'ombe."

Samaki hao asili yao ni ziwa lile lile la kwao, kwenye mawe ya ukingoni. Marehemu mumewe aliwakuta kwa Mswidi mmoja kule Farsta, akawaleta nyumbani ndani ya ndoo, wamepanda treni mbili. Mwalimu aliniambia kwamba utotoni aliwaona mara elfu na hakuwahi kuwaangalia. Ilibidi aje huku, amkute mtu mwenye ndevu nyekundu akiwataja kwa jina la Kilatini, ndipo akae chini awatazame.

Kwa hiyo wakati sisi wengine tunapigana na ukoga, yeye alikuwa akiulima. Kiangazi, jua linapokataa kuzama, aliweka beseni la maji kwenye baraza na mawe ndani yake, na kila jiwe likishaota alilibadilisha na lililoliwa likabaki jeupe. Alikuwa na malisho ya zamu, kama wafugaji wa kweli. Maji ya Stockholm ni mepesi mno, hayana chumvichumvi ya mawe, kwa samaki wa ziwa hilo, hivyo kila alipobadilisha maji alitia kijiko cha magadi ya kupikia, akionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Na upande wa dirisha alitundika kitenge, maana malisho yakizidi, alisema, nayo ni njaa ya namna yake: ukoga mbaya, mweusi, mgumu kama ndevu, unakuja kuchukua nafasi ya ule laini, na ng'ombe hawaugusi.

Alikana kabisa kwamba anawapenda. Ijumaa alikaanga samaki wa dukani, akamla mbele ya tangi bila hata kuwageuzia mgongo. Nilimuuliza kama hao wake angeweza kuwala. "Hapana. Si huruma. Mifupa mingi." Hakuwapa majina, ila alijua yupi anaonea wenzake na yupi hupenda kulala nyuma ya jiwe kubwa. Alikuwa mchoyo wa sifa. Katika kwaya, waliokuwa wakiimba chini yake wanasema miaka yote ile hakumsifu mtu. Aliyeimba vizuri hakuitwa jina na kukosolewa, basi. Alikopa vitu asirudishe, na ndoo yangu nyekundu ilikaa kwake mpaka nikanunua nyingine. Taa ya tangi ilipojizima, mgeni alitakiwa aelewe mwenyewe kwamba muda wa kuaga umefika. Lakini wiki moja nilipolala na homa alinipikia uji kila asubuhi, akauacha mlangoni bila kugonga, na nilipomshukuru alisema ulikuwa umemzidi.

Kuna siku alilazwa kwa ajili ya jicho. Akina mama wa kwaya wakaona haiwezekani mgonjwa arudi kwenye nyumba isiyofagiliwa. Walikuja na ndoo na vitambaa vyao, mimi nikawafungulia kwa ufunguo alioniachia. Walipiga deki, walifua mapazia, wakang'arisha masufuria. Kisha mmoja akaliona tangi. "Jamani, maskini, macho hayaoni, angalia uchafu huu." Nilisema polepole kwamba nadhani ndivyo anavyotaka. Sikusema kwa nguvu. Wakatoa mawe, wakayasugua kwa sugulio la chuma hadi yakawa meupe kama mayai.

Mwalimu alirudi na kitambaa jichoni. Akakaa, akawashukuru mmoja mmoja, akawaimbisha wimbo mmoja, akawapa chai na maandazi. Alipoushika mkono wa yule aliyesugua alimwambia, "Una nguvu, mama. Mungu akuongezee." Walipoondoka nilifunga mlango.

"Walikuja kwa upendo," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekunywa chai." Akageukia mawe meupe. "Sasa tutakata majani ya dukani tuwape. Kabeji ya kuchemsha. Watakula kama watoto wa bweni."

Sasa nieleze alivyosafisha kioo cha mbele, kwa sababu hapo ndipo nilipoingilia.

Hakukiangalia. Alikisikiliza. Alichukua kadi ya zamani ya benki, akaipitisha kutoka juu kwenda chini, sikio limeinama. Palipokuwa na ukoga kadi ilikwenda bubu. Palipokuwa safi ililia, sauti nyembamba. Alirudia palipo bubu mpaka palie kama penginepo, kona kwa kona, kama alivyokuwa akimrudisha mwimbaji wa sauti ya nne hadi akae kwenye noti. Niliwahi kufumba macho nikajaribu. Sikusikia tofauti. Alinicheka mpaka akakohoa.

Lakini masikio nayo huzeeka. Nilianza kuona mistari myembamba ya kijani kwenye kona za chini, kisha viraka. Binti yake alikuwa akija Jumamosi. Mimi nikaanza kupita Ijumaa. Mwalimu akienda jikoni kuweka chai, mimi natoa kipande cha sponji mfukoni, nakunja mkono wa shati, nafuta viraka haraka, nakausha mkono kwa leso. Akirudi ananikuta nimekaa.

Sikuona hilo kuwa uongo. Kwetu mtu mzima husitiriwa. Ukiona shuka la mzee limelowa, unalibadilisha na kuzungumza habari ya mvua. Ndivyo nilivyolelewa, na nilijiona nafanya jambo jema kabisa. Binti alikuja, akatazama kioo, akasema kwa Kiswidi kwamba vizuri, mama, bado unaona. Mwalimu alijibu kwa Kiswahili kwamba mbona alikuwa na mashaka. Nami nilikunywa chai katikati yao, nimeridhika.

Niliendelea hivyo majira ya joto yote na vuli yote.

Siku moja nikagonga, akafungua, na nyuma yake niliona tangi jeupe. Halikuwa jeupe la usafi. Lilikuwa kama limejaa maziwa. Samaki walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wanahema.

"Ndugu," alisema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "niambie unaona nini. Mi nasikia wanapiga maji."

Kwenye meza kulikuwa na makopo mawili yanayofanana, la magadi na la unga wa muhogo. Alikuwa na mafua, ulimi haukumwambia kitu. Alikuwa ametia unga, na kwa kuona maji hayabadiliki ladha, akatia tena. Tulitoa maji kwa ndoo, tukatia mengine, tukatoa tena. Yeye alipima joto kwa kiwiko, mimi nilibeba. Wengine walipona. Watatu hapana.

Tulipokaa chini, nguo zimelowa, nilisema la kwanza lililonijia. "Binti hana haja ya kujua. Kesho maji yatakuwa safi."

"Na kioo?"

"Kioo ni safi."

"Najua ni safi." Akakamua upindo wa kitenge chake. "Nakisugua Alhamisi, hakilii kote. Jumamosi kinalia kote. Unafikiri ni malaika?"

Nikajikuta nauliza:

"Mbona hukunikataza?"

"Kwa sababu nilitaka." Alisema hivyo bila hasira, na ningependelea hasira. "Weye ulinisitiri, nami nilijifunika vizuri. Sasa angalia. Kama ni jiko la gesi nilisahau, je? Pale hakuna samaki, pale kuna watoto wa jirani."

Ijumaa iliyofuata nilikuja kama kawaida. Kioo kilikuwa na ukungu wa kijani kutoka ukingo hadi ukingo, hata samaki walionekana kama vivuli. Hakuwa amekigusa, na alikaa mbele yake, mikono mapajani, amevaa kitenge kizuri.

"Nikifute?"

"Acha."

"Mwalimu, anakuja kesho."

"Ndiyo. Mutoto aliuliza swali. Miezi yote hii umemujibu weye. Kesho atajibiwa na mwenye tangi."

Aliniomba niwepo. Nilikuwepo. Binti aliingia na mifuko ya dukani, anaongea Kiswidi kuhusu treni iliyochelewa, akavua kiatu kimoja, akaliona tangi. Akabaki na kiatu kingine mguuni. Nilimwona anavyotazama, kioo, kisha mama yake, kisha mimi, na nilitaka sakafu ifunguke. Nilisema, "Mwanangu, kabla ya leo nilikuwa nakisafisha mimi. Usimlaumu." Mwalimu alininyamazisha kwa kidole, kama kwayani.

"Simuoni tena, mama," binti alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Alimaanisha samaki.

"Na mi pia," Mwalimu alimjibu. "Vua kiatu, ukae."

Walizungumza kutwa. Mimi niliaga mapema, na nilisikia kutoka kwenye ngazi kwamba walikuwa wanabishana, kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna aliyekuwa analia.

Mwalimu alihamia Sundbyberg, kwenye chumba kilichokuwa ofisi ya binti. Tangi lilihamia naye. Mawe yalisafirishwa yakiwa yamefungwa kwa magazeti yaliyoloweshwa ili ukoga usife. Yule kijana wa kwaya aliazima gari, na Mwalimu alimkosoa uendeshaji wake njia nzima. Mlango wa pili wakahamia watu wengine. Hapa kwangu nimekuwa nikifuata masharti yake, taa saa nane, chakula mara moja, na maji yangu ni mazuri. Nimechelewa kujifunza mambo mengi maishani, lakini hilo nimelijua.

Sikwenda kumwona upesi. Niliona haya, na haya ya mzee ni mvivu, hupenda kuahirisha. Nilipokwenda hatimaye, binti alikuwa anatoka kwenda kazini. Alinionyesha kiti akaniambia nifunge mlango nikiondoka. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na tangi kiasi cha kuligusa. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Alinijua kwa jinsi nilivyokohoa.

"Mutanzania. Umekuja kusugua?"

"Nimekuja kusalimu."

"Salamu imekawia." Lakini alisogeza mguu ili nipate nafasi.

Tuliongea habari za Norsborg, za nani amekufa na nani ameoa. Alisema binti yake humsimulia tangi kila jioni, kwa Kiswahili, kwa sababu amemkatalia Kiswidi mbele ya samaki. Humwambia jiwe gani limeota na lipi limeliwa. Hukosea maneno. "Ila juzi ananiambia yule wa nyuma ya jiwe kubwa hatoki. Anasema amelala. Siku ya tatu analala." Akageuza uso upande wangu. "Weye una macho. Nyuma ya jiwe kubwa, kuna nini?"

Niliinuka, nikaenda pembeni ya kioo, nikachungulia kati ya jiwe na ukuta. Nilimwona. Nilijua pia neno rahisi la kusema, lilikuwa tayari mdomoni, na binti alikuwa amekwisha kunitangulia nalo.

"Amekufa, Mwalimu," nikasema. "Si leo."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Mkono wake ulipapasa meza, ukapata wavu mdogo, ukanipa.

"Mutoe. Kisha uniambie wamebaki wangapi."

Nilikunja shati nikamtoa. Wengine waliendelea kuchuna mawe yao, wakiingia na kutoka mafichoni, wagumu kuhesabika. Nilihesabu mara mbili kabla ya kumjibu.